Mkono wa Askari wa Mbao

Jumapili, tarehe 2 Juni

Dada yangu wa pekee,

Salamu nyingi, na nyingine nimezibana mfukoni nitakupa tukionana. Hujambo? Cherehani haijambo, au bado inakohoa? Kidoti hajambo na lile pengo la meno ya mbele? Mimi ni mzima wa afya, nimenenepa, na ukisikia mtu anasema nimekonda ujue huyo ana wivu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu imezama kwenye debe la grisi, ikafia humohumo. Tena wewe mwenyewe ulisema Kidoti anajifunza kusoma na anapenda barua kuliko simu. Basi Kidoti, mpwa wangu, vua viatu, kaa kitako, umsikilize mjomba wako, Bingwa wa Gurudumu Kubwa, mtu ambaye bila yeye bustani hii ya michezo ingeshafungwa ikafugiwa kuku.

Habari ndiyo hii: likizo mnakuja kwangu. Nimeshapanga kila kitu. Wenzetu wakija hapa wanaondoka hawana hata nauli, sisi tutastarehe kitajiri kwa bei ya kimaskini. Mtapanda basi la usiku, Kidoti umpakate ili asilipiwe. Kondakta akiuliza umri, mwambie miguu ndiyo mirefu, mwenyewe bado ananyonya. Mtalala chumbani kwangu, nyinyi kitandani, mimi sakafuni. Chakula mje nacho kwenye sufuria, maana humu ndani soda inauzwa kama dawa ya kifua. Mje katikati ya wiki, kiingilio kinashuka, na mtapita mlango wa wafanyakazi. Mlinzi ni rafiki yangu, nilimfundisha kupiga mluzi. Kuna kioo kinachomfanya mtu awe mfupi na mnene, hicho ni bure, mtu anaweza kujicheka mpaka jioni. Tutalipia kitu kimoja tu, Gurudumu lenyewe. Kila kikapu kina nafasi ya watu watatu, na mkikaa wawili Meneja anawasukumia mgeni ili nafasi isiende bure. Kwa hiyo wa tatu nitakuwa mimi.

Jambo moja tu. Pale kwenye ngazi ya Gurudumu amesimama askari wa mbao, amevaa kofia, amenyoosha mkono kama anasimamisha magari. Mtoto ambaye kichwa chake hakigusi ule mkono hapandi, hata awe mtoto wa nani. Ndiye askari pekee ninayemjua ambaye hali rushwa. Nitumie kipimo cha Kidoti nikamshindanishe naye, msije mkasafiri usiku kucha halafu mtu akalia ngazini. Simsemi mtu. Nakusema wewe.

Dada, kuanzia hapa usimsomee mtoto.

Bado nalala chumba kilekile alicholala Shemeji. Koti lake la kazi liko palepale msumarini. Kila nikilihamisha sipati usingizi, nalirudisha. Wafanyakazi wa hapa wana maneno. Wanasema tangu ile asubuhi alipopanda mzunguko wa kwanza akiwa mzima, akashuka amekaa vilevile, mkono kwenye chuma, roho haimo, basi kikapu cha kijani hakijawahi kuwa kitupu. Mimi nawacheka. Nimewaambia namjua shemeji yangu, hakupenda kuamka hata alipokuwa analipwa, sembuse sasa. Wanacheka na wao. Lakini huu ni mwaka wa pili na kile kikapu hakipandwi na mtu.

Mdogo wako,
Mjomba Bingwa


Alhamisi, tarehe 13 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata kwa kondakta, ikiwa na doa la grisi kubwa kuliko maandishi. Sisi tu wazima. Cherehani inakohoa na mimi naipokea, ni vumbi la vitambaa, sare za shule zimeanza kuagizwa na silali. Wewe umenenepa wapi? Tangu uzaliwe hujawahi kunenepa mahali popote ila mdomoni.

Kidoti alivua viatu kweli. Akakaa. Nilipomaliza kusoma akauliza, "Mama, Mjomba mwenyewe amewahi kupanda?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Muulize. Anasema sana." Basi nakuuliza.

Nimekubali tuje. Sababu nakuandikia wewe tu.

Hujawahi kuitazama vizuri fremu ya mlango wetu wa chumbani. Baba Kidoti aliikwaruza alama kwa msumari, siku moja alipokuja likizo. Akamwambia mtoto, "Kichwa chako kikifika hapa, utapanda gurudumu langu, na mimi mwenyewe ndiye nitakayekupakia." Mtoto alikuwa hajanifika hata kiunoni. Sasa kila jioni anasimama pale, visigino kwenye mbao, ananiita nimtazame. Namwambia bado. Anasema haya, anakwenda kulala. Na akilala hulala ukingoni kabisa, amebana, nusu ya kitanda ameiacha. Mara mbili ameanguka. Nikimwambia asogee, anasema atamlalia.

Usidhani sijamwambia. Anajua baba yake amekufa, analitamka neno lenyewe kuliko mimi. Lakini siku ile watu wazima walisema mbele yake kwamba alipanda akafia juu. Basi yeye amechukua hilo. "Alipanda. Hakushuka. Yuko juu." Nilimpeleka kaburini. Alitazama, akatazama, akaniuliza kama wanaozika huwa wanahakikisha kwanza.

Nataka apande mara moja tu, afike juu kabisa, aone kwa macho yake kwamba hakuna mtu. Hiyo ndiyo likizo ninayoitafuta. Mengine yote, kioo na nini, ni nyongeza.

Utepe mwekundu uliomo humu ndicho kipimo chake. Akisimama hatulii, nimempima akiwa usingizini, nikakata.

Kula vizuri.
Dada yako


Jumatano, tarehe 19 Juni

Dada yangu, fundi wa mafundi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa ajili ya utepe. Hamjambo wote? Huku jua kali, Meneja mkali zaidi, mimi natamba.

Kidoti, sikiliza! Nimeuchukua utepe wako nikausimamisha mbele ya Askari wa Mbao, watu wanatazama wakidhani napima jeneza lake. Umempita! Umeupita mkono wake kiganja kizima, Dada, kiganja changu mimi, si hivyo vya kushikia sindano. Askari amekosa la kusema. Kidoti ungeweza kupanda leo, hata mwaka jana ungepanda. Pakieni sufuria.

Na lile swali lako, Kidoti: mpishi mzuri halambi sufuria mbele ya wageni. Nadhani nimejibu.

Hapa usimsomee.

Nakueleza jinsi kazi inavyokwenda, maana Shemeji hakuwa msemaji, labda hakukwambia. Asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, fundi hupanda peke yake kikapu cha kijani. Akifika juu kabisa, Mzee Kipenga, ndiye anayeshika mtambo huku chini, analisimamisha Gurudumu. Fundi anasikiliza vyuma. Sauti ya mtu haifiki chini kwa sababu ya upepo, kwa hiyo anagonga kwa spana. Akigonga mara moja, pana kasoro, simama hapohapo. Akigonga mara mbili, shwari, endelea. Shemeji alifanya hivyo kila siku ya Mungu mpaka ile ya mwisho, siku ambayo Mzee Kipenga alisubiri mlio wa spana mpaka akachoka kusubiri.

Sasa fundi ni mimi. Huo mzunguko tunaupeleka mtupu. Kazi ni nyingi asubuhi.

Juzi jioni, watu wameshatoka, mtambo umezimwa, tunafunga maturubai, nikasikia ko. Mara moja. Kutoka juu. Mzee Kipenga alivua kofia. Nikamwambia, "Mzee, chuma kikipoa hulia." Akasema, "Vyote vinapoa. Mbona kimelia kimoja?" Nikamwambia akalale, uzee umemkaa vibaya.

Habari hii ya kugonga simwambii Kidoti, na wewe usimwambie. Sitaki aogope kunizidi. Namaanisha, sitaki aogope.

Mdogo wako,
Mjomba Bingwa


Jumatatu, tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zipo, zichukue.

Nimeisoma barua yako, nikacheka, nikamsomea Kidoti akaruka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu jioni akasimama mlangoni kama kawaida yake. Nikamtazama. Hajafika alama. Bado.

Sasa wewe fikiri na mimi. Mtoto amempita askari wako kiganja kizima, na alama ya baba yake hajaifikia. Ina maana alama iliwekwa juu makusudi. Baba Kidoti alilijua gurudumu lile kuliko alivyonijua mimi, alipita mbele ya askari yule kila siku, hawezi kusema alikosea. Alimwekea mwanawe alama ya uongo.

Unajua ni mara ngapi nilimwomba tuje tumtembelee kazini? "Mtoto hajafika, Mama Kidoti, mtakuja kufanya nini? Atalia tu." Nami nikakaa. Nikashona. Miaka yote ile hatukuja hata siku moja, mpaka tulipokuja kuuchukua mwili.

Alikuwa anatuficha nini huko?

Wewe unalala kwenye kitanda chake. Unatazama koti lake. Kama mle ndani mlikuwa na mtu, kitenge, kitana, chochote, niambie. Usinitanie. Usinionee huruma.

Safari imekufa. Kidoti sijamwambia. Kila siku anapaka mafuta viatu vyake.

Dada yako


Jumapili, tarehe 14 Julai

Dada,

Hujambo? Najua hujambo sana. Nimekuandikia barua mbili nikazichana. Ya kwanza ilikuwa na utani, ya pili haikuwa nao, zote mbaya. Hii ya tatu isome mpaka mwisho hata kama umekasirika.

Kwanza, chumba. Nimekipekua kama polisi. Nimeinua godoro, nimetoa droo, nimepapasa mifuko ya koti, nimechungulia hata juu ya kabati. Nimekuta kopo la grisi, spana yake, kiatu kimoja cha mtoto mchanga, cha mguu wa kushoto, na mwanamke mmoja. Mwanamke mwenyewe ni wewe, kwenye picha, umenuna. Hakuna mwingine, Dada. Kama alikuwepo, alikuwa mwembamba kuliko mimi.

Pili. Wiki ile uliyoniandikia, mtoto mmoja mdogo alipanda. Alikuwa amemgusa Askari vizuri kabisa, mimi mwenyewe nilimpitisha nikamwambia hongera mwanajeshi. Kikapu kilipoanza kupanda, akateleza chini ya chuma cha mapajani kama samaki kwenye sabuni. Mama yake alimdaka kola. Mzee Kipenga alisimamisha, wakashuka, mama yule alinitazama tu, hakunitukana. Ningeona afadhali angenitukana.

Nikaenda kumwegemea Askari ili nivute pumzi. Mkono wangu ukapapasa bega lake. Dada, kuna matundu. Manne, ya misumari, yamezibwa na rangi. Yako juu ya mkono wake, kiganja kizima.

Nikamwita Mzee Kipenga. Alijikuna shingo, akasema, "Huo mkono haukuwa hapo." "Ulikuwa wapi?" "Alipouweka shemeji yako. Aliwakalisha watoto wa wafanyakazi kwenye kikapu mmoja mmoja, anatazama chuma kinamwangukia wapi. Kikimwangukia mapajani, sawa. Kikimwangukia tumboni, ngoja ukue. Ndiyo akaupigilia mkono pale." "Nani aliushusha?" "Mwezi uleule tuliomzika, Meneja alikuja na nyundo. Alisema watoto wengi wanarudishwa, na waliorudishwa hawalipi."

Basi yule askari wangu asiyekula rushwa alikula, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo alama ya mlangoni kwako si ya uongo. Ndiyo ya kweli pekee iliyobaki. Hakuwa anakuzuia, Dada. Alikuwa anamsubiri mtoto akue.

Kesho yake asubuhi nilichukua nyundo nikaurudisha mkono kwenye matundu yake. Meneja alipofika aliuona kabla hata hajafunga mlango wa gari. "Nani amefanya hivi?" Nilikuwa nimetayarisha hotuba, Dada, hotuba ya kufukuzwa nayo kazi. Mzee Kipenga akaniwahi. Alinyanyua uso, akatazama kikapu cha kijani, akaendelea kutazama. Meneja naye akatazama. Akasema, "Sawa. Sawa, sawa," akaingia ofisini, na mpaka leo hajalizungumza tena.

Halafu nikautoa utepe wako. Umegusa. Umegusa ule mkono wa juu sawasawa, hata karatasi haipiti katikati. Njooni.

Mdogo wako


Jumamosi, tarehe 20 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimekaa chini ya ile fremu na barua yako mpaka giza likaingia, nikashindwa kuisoma tena. Nimeiomba radhi. Mlango! Mtu angeniona angesema sare zimenipanda kichwani.

Kile kiatu kimoja nakijua. Nilikitafuta nyumba nzima, nikamlaumu paka wa jirani.

Tunakuja. Nitamaliza sare za shule ya juu, na Jumanne usiku tutapanda basi, tufike kwako Jumatano ya mwisho wa mwezi. Nimeshaongea na kondakta, amesema mtoto mwenye miguu mirefu namna ile anayenyonya hajapata kumwona, ila atafumba macho.

Kidoti simpimi tena mlangoni mpaka tufike. Yeye anasimama, mimi naangalia pembeni. Kama utepe umegusa, umegusa. Sitaki kujua zaidi.

Sijui kama nitaweza kulitazama gurudumu lenyewe. Usinilazimishe.

Dada yako


Jumapili, tarehe 4 Agosti

Dada yangu,

Natumaini mlifika salama na mgongo wako haujavunjika kwa kumpakata yule ndama. Sufuria yako umeisahau hapa. Mimi ni mzima, na safari hii nasema kweli, si kama siku zote.

Nimekucheka siku nzima. Fundi cherehani, miaka yote hiyo kazini, anampima mtoto wake mwenyewe halafu anamwongezea vidole viwili vya upindo, akue navyo, kama sare ya shule! Nilipomwona Kidoti amesimama chini ya Askari na hewa inapita kati ya kichwa na mkono, nilidhani Askari amepanda tena. Kumbe wewe umeshika utepe, unausogeza kwenye vidole, umebadilika rangi, unasema, "Upindo. Nimemwachia upindo. Mkono umezoea." Sikucheka wakati ule. Niliona unavyokwenda kukaa kwenye benchi lililo mbele ya kioo, umeligeuzia Gurudumu mgongo, sufuria mapajani.

Kwa sababu uligeuka, kuna mambo hukuyaona. Nakwambia sasa.

Sikumrudisha, Dada. Nilimshika mkono nikampandisha ngazi. Nilikuwa nafikiria basi la usiku, na kikohozi chako, na vile viatu vinavyong'aa. Meneja alikuwa amesimama pale, akasema, "Mpandishe bwana, vidole viwili ni kitu gani? Si wako?" Alisema kwa wema, nadhani. Vikapu vyote vilikuwa na watu. Kilichoshuka mbele yetu ni cha kijani. Nikafungua komeo. Mimi, niliyeuinua ule mkono kwa nyundo yangu, nikafungua komeo.

Kidoti akaweka mguu mmoja kwenye kidato.

Ko.

Mara moja. Watu wanapiga kelele za furaha huko juu, muziki unalia, lakini Mzee Kipenga aliisikia na mtambo ukakatwa. Nami niliisikia. Kikapu kilikuwa mbele ya macho yangu, kitupu, nimeshika mlango wake.

Mtoto aliurudisha mguu chini. Alinyanyua uso, wala hakunitazama mimi, akasema, "Haya." Ile haya yake unayoijua, ukimwambia akaoshe miguu. Kisha akaniambia, "Mjomba, bado. Twende kwenye kioo." Akaja kwako, na hayo mengine uliyaona, alivyojicheka mpaka akaketi chini.

Sikumwambia habari ya kugonga. Naapa. Sikumwambia mara moja ni nini wala mara mbili ni nini, na Mzee Kipenga hasemi na watoto.

Asubuhi mliyoondoka nilirudi kutoka stendi, nikachukua spana ya Shemeji, nikavaa koti lake. Mwambie Kidoti jibu la swali lake: mjomba alikuwa hajawahi. Hata siku moja. Naogopa juu tangu nikiwa mtoto, wewe unajua, ulinishusha kwenye paa la jirani nikiwa nimejikojolea. Lakini nikikaa chini tu, nani atasikiliza vyuma kabla ya mtoto wako kupanda? Nikaingia kikapu cha kijani. Nikafunga komeo. Mzee Kipenga aliniangalia, akavuta mtambo.

Juu ni kimya, Dada. Sikutegemea kimya. Paa za watu, nguo kwenye kamba, mtu anafagia. Gurudumu likasimama kama inavyotakiwa. Nikasikiliza, kweli nilisikiliza, vyuma vilikuwa shwari, hata mimi nilielewa. Ikabaki kugonga mara mbili. Upepo ukakitikisa kikapu kidogo, kidogo tu, na vidole vyangu vikafunguka vyenyewe. Spana ikaenda. Niliiona ikianguka kwenye nyasi za nyuma ya uzio, upande ule asiouona mtu wa mtambo.

Nikabaki nimeshika chuma. Nilijua nitakaa pale mpaka geti lifunguliwe na watu wote wanione.

Gurudumu likaanza kushuka.

Nilipofika chini Mzee Kipenga ananichekea, meno yote matatu. "Umegonga vizuri," akasema. "Mbili safi. Nimedhani ni yeye."

Spana nimekwenda kuiokota nyasini baadaye. Sijamwambia. Nakwambia wewe.

Sasa napanda kila asubuhi. Bado naogopa, ila mahali penyewe nimepazoea. Naketi ukingoni.

Mdogo wako,
Mjomba


Jumamosi, tarehe 7 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo, na Mzee Kipenga hajambo? Sisi tu wazima, kifua changu kimetulia. Mwaka umezunguka, sare zimeagizwa tena, na sijakuandikia tangu ile sufuria uliponirudishia imejaa misumari, mtu mzima hovyo.

Kidoti amefika.

Jana jioni alisimama kama kawaida, akaniita. Safari hii sikuangalia pembeni. Nimemfumua nywele, nimemvua viatu, nimegusa visigino vyake viko kwenye mbao. Nikaweka rula ya kukatia kichwani, imelala, sijaongeza upindo. Rula imegusa alama ya msumari. Nimetazama mara ya pili, imegusa.

Yeye hakupiga kelele. Alisimama palepale, viatu vyake ameviinua kifuani, kimoja mkono huu, kimoja mkono huu, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Fremu ikagongwa. Juu, kwenye kona, mahali nisipofikia mimi bila kiti. Ko, ko.

Nilifungua mlango wa nje. Hapakuwa na mtu. Jirani kasafiri tangu Jumatano. Mtoto viatu alikuwa navyo mikononi, vyote viwili, nimekwambia.

Akasema, "Haya."

Usiku alilala katikati ya kitanda. Mara ya kwanza. Nimemtazama mpaka asubuhi, amejitanua, mikono huku na huku.

Mwaka jana nilitaka apande ili aone hakuna mtu. Mwaka huu sikuombi hivyo. Mara mbili ni shwari, endelea, si ndivyo ulivyoniandikia? Basi tunakuja, basi la usiku, Jumatano ya mwisho wa mwezi, na kondakta safari hii atalipwa nauli ya mtoto. Sitakaa kwenye kioo. Nitapanda naye.

Wewe panda asubuhi kwanza, usikilize vizuri. Kisha tuwekee kikapu cha kijani. Meneja akija kutaka kutusukumia mgeni, nimeshona sare za kutosha mwaka huu, nitalipia watatu. Nafasi ya tatu asiiuze.

Dada yako